Bahari Iliyokataa Kupwa

Wiki iliyopita nilikuwa dukani hapa Bowie, Maryland, nimesimama kwenye foleni na sabuni yangu mkononi, mama mmoja mbele yangu akafungua chupa ya mafuta ya kujikinga na jua ainuse kabla hajailipia. Ile harufu, wenzangu! Nazi isiyo nazi, nazi ya kiwandani iliyotengenezwa na watu ambao hawajawahi kukuna hata nazi moja. Muuzaji alinisemesha, akanisemesha tena, mimi sisikii. Nilikuwa Puerto Rico, nina miaka kumi, napakwa mafuta hayo usoni hadi masikioni na mama yangu, naye anayapaka huku anayatukana.

Hebu nianzie mwanzo. Tulikuwa tukiishi Springfield, Virginia, kwenye nyumba ya ghorofa iliyopakana na makutano ya barabara kuu, magari yakivuma kutwa kucha, na mama akishikilia kwamba ukifumba macho utadhani ni mawimbi ya Tanga. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuyasikia hayo mawimbi. Baba aliendesha teksi uwanja wa ndege, mama alifua mashuka ya hospitali, na mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee, mbishi, ukiniuliza kwa Kiswahili nakujibu kwa Kiingereza. Mama alikuwa na tabia ya kuimba akikaanga. Iwe samaki, iwe chapati, hata yai moja tu, lazima aliimbie.

Kisha bibi, mama yake mama, akafariki kule Tanga. Mama hakuweza kwenda kumzika. Kesi yake ya makaratasi ya ukaazi ilikuwa bado iko serikalini, na wakili alishamwonya kwamba akitoka nje ya Marekani asitegemee kurudi. Watu walijaa kwetu, wakasoma hitima, wakala pilau, wakatoa pole, wakabeba masufuria yao wakaenda zao. Matanga yakaisha kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Katika ukoo wa bibi, mwanamke akifiwa na mama yake hatoki matanga mpaka ateremke baharini maji yakiwa yanakupwa, na mwanamke wa damu yake ammwagie maji kichwani, ili bahari ikiondoka iondoke na majonzi. Mpaka siku hiyo hasuki, hatii hina, haendi harusini, wala haimbi. Upande huu wa dunia mama hakuwa na damu ya kike isipokuwa mimi. Sheikh mmoja alimweleza kwa upole kwamba hana haja ya kujitesa, na baba naye, ambaye hapendi mambo marefu, akamwambia hilo si sharti la dini.

"Najua," mama alisema. "Ni sharti la mama yangu."

Baba akachukua funguo za teksi akaenda kazini. Alikuwa anamjua mkewe.

Miezi ikapita, jikoni kimya. Nilikuwa nalichukia lile sufuria linalochemka bila wimbo, nalichukia kweli kweli, na nilitaka mama yangu arudi. Kiangazi kilipofika baba akatupakia kwenye teksi hadi Ocean City. Mama akaingia majini na kanga zake, akafika magotini, akasimama, kisha akageuka akatoka, midomo inamtetemeka. Alisema hiyo si bahari, hiyo ni friji, na mama yake hawezi kuagwa ndani ya friji. Tukala viazi vya kukaanga tukarudi nyumbani.

Aliyetuokoa ni abiria mmoja wa baba. Huyo bwana alikuwa akienda kwao Puerto Rico, akamsimulia baba kwamba bahari ya kisiwani kwao ni ya moto mwaka mzima, na kufika huko huhitaji pasipoti kwa sababu hujatoka Marekani. Baba alirudi nyumbani anahema kana kwamba amekimbia njia nzima. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: ni kisiwa kweli, au wanakiita hivyo? Alipohakikishiwa, akaanza kutafuta zamu za ziada.

Mimi nikakimbilia maktaba. Nikajua mambo yote ya kuona: ngome kongwe iliyo juu ya mawimbi, mitaa ya mawe ya rangi ya buluu, msitu wa mvua wenye maporomoko, vyura wadogo wanaopiga mbinja. Zaidi ya yote, kasa. Unapanda boti, unavaa miwani ya maji na mpira wa kupumulia, unaelea juu yao wakila majani ya baharini. Shuleni nilitangaza kwamba sisi tunakwenda likizo. Kuhusu matanga nilinyamaza, maana nani angenielewa?

Asubuhi ya kwanza mama alitandika kanga mchangani, akachomeka kijiti pale maji yalipofika, akakaa kungoja yakupwe. Kwao Tanga maji yakitoka yametoka, unatembea hadi unachoka, watoto wanaokota kaa. Tukangoja. Jua likapanda, nikapakwa yale mafuta ya nazi ya uwongo mara ya pili, kijiti bado kinalambwa na maji. Mwishowe mama akamtuma baba kwa mzee aliyekuwa akikodisha viti, akaulize bahari ya pale hutoka saa ngapi. Yule mzee alimtazama baba, akaitazama bahari, akamtazama baba tena.

"Iende wapi?" akauliza.

Sisi hatukujua kwamba kuna bahari duniani zisizokupwa, au zikikupwa ni kidogo tu, kama mtu anayesogea kitini ili mwenzake apate kukaa. Mama hakukubali hata kidogo. Alisema yule mzee anajua viti tu. Kesho yake tukaamka alfajiri, keshokutwa tukaenda alasiri, na kijiti kiko palepale.

Katikati ya kungoja huko baba akatuburuta kuona vitu. Ngome tuliiona, mama akasema ukuta mzuri lakini mfukuto wake hatari. Msituni tulinyeshewa, chura nikamsikia nisimwone. Njiani mama akamwamuru baba asimamishe gari, akateremka, akashika kichaka cha mtu kilichoota kando ya barabara. Mbaazi! Mbele kidogo mshelisheli, halafu mkungu, halafu mkwaju, anaita majina moja baada ya jingine kana kwamba anakutana na watu wa mtaani kwao. Springfield mimi ndiye niliyemsomea mama vibao na kumsemea madukani. Hapa yeye ndiye aliyekuwa akinitembeza. Tulipoletewa wali wa mbaazi hotelini alikula sahani nzima, kisha akatikisa kichwa akawasikitikia, watu wana minazi yote hiyo na hawatii tui.

Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa. Mama akauangalia, akasema bamvua hiyo inakuja, maji makuu ya mwezi mpevu, na wakati wa bamvua hakuna bahari isiyokupwa, hata iwe na kiburi namna gani. Bamvua ilikuwa iangukie asubuhi yetu ya mwisho. Na ndiyo asubuhi hiyohiyo baba alipopata nafasi mbili kwenye boti ya kasa, kwani siku nyingine zote ilikuwa imejaa. Ndege yetu ilikuwa inaondoka mchana. Mama akaniambia niende tu na baba, yeye atanisubiri, na sote watatu tulijua saa hazitoshi.

Nilitaka kasa kuliko kitu chochote. Nililia bafuni, nikanawa uso, nikatoka nikamwambia baba airudishe tiketi yangu. Msinione mwema. Nilikuwa nimekasirika, nimechoka na mama asiyeimba, na nilishaamua kwamba hatupandi ndege tukiwa vilevile tulivyokuja. Nikauliza tutachotea nini. Kata hatukuwa nayo, basi nikabeba ile ndoo ndogo ya barafu ya chumbani.

Asubuhi tulikuta bahari imesogea. Si sana, ni hatua moja ya mtoto, ukanda wa mchanga mbichi kati ya kijiti na maji. Nikamwangalia mama usoni kwa hofu. Akaupima ule ukanda kwa unyayo wake.

"Imetosha," akasema.

Tukaingia. Maji yalikuwa ya vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Alijifunga kanga kifuani, akapiga magoti, akainamisha kichwa, nami nikachota. Akaniambia nisitupe maji, niyateremshe utosini polepole, na kila ndoo nitaje jina la bibi. Nikamwaga, nikasema Mwanaidi. Nikamwaga tena. Ndipo mama akalia, kilio cha sauti kubwa ambacho sijawahi kukisikia, wenye miavuli wakageuka, na ndoo yangu ikasimama hewani.

"Usiache," alisema. "Tazama vizuri inavyofanywa."

Nikadhani nimekosea. Nikaishika ndoo kwa mikono miwili, nikatengeneza mwago wangu, nikaendelea hadi alipoinuka mwenyewe. Siku ya pili baada ya kurudi Springfield alikaanga mayai, akayaimbia.

Makaratasi yalitoka nikiwa chuo kikuu, akaenda Tanga akaliona kaburi, akarudi amenenepa. Alfajiri moja ya majira haya ya baridi yaliyopita, yeye pia alifariki. Tulimzika kulekule Virginia, ardhi ngumu, upepo unakata, na wanawake wenzake wa Springfield wakanishika mabegani wakiniuliza nisaidiwe nini. Nilifungua mdomo kusema sijui, nikakuta najua. Miaka yote hiyo nilidhani siku ile nilikuwa namsaidia mama kumuaga mama yake. Kumbe alikuwa pia ananifundisha kumuaga yeye, angali hai, amepiga magoti mbele yangu, analia na bado anahakikisha mwanawe ameshika somo.

Mwezi ujao naondoka na binti yangu kwenda kwenye bahari ileile. Sijasuka, sijatia hina, na anayeniambia si sharti namjibu kwamba najua. Mtoto ana miaka minane, mikono midogo, anauliza kwa Kiingereza kama kuna kasa huko, na hajui kwa nini nimemwambia tukifika atazame vizuri. Si lazima ajue sasa.