Hema Lililoezekwa Nyasi

Harufu ya mitumba siipendi mpaka leo. Si kwamba nadharau nguo za mitumba, la hasha, nusu ya kabati langu imetoka huko. Ni ile harufu ya belo linapofunguliwa, mchanganyiko wa dawa ya mende, vumbi na unyevu wa mahali nisipopajua. Ikinijia puani tu, masikio yangu huanza kutega yasikie kama kuna ngurumo. Wenzangu kazini hunicheka, nami huwaambia chekeni tu, kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na mimi nilishachagua upande wangu tangu utotoni. Harufu hiyo ilikuwa ndani ya hema ambalo wazazi wangu walinunua sokoni Sumbawanga, mwaka mmoja baada ya mama kuambiwa kwamba mdogo wangu Patrisi asilale tena kwenye unyevu.

Kwetu Ufipa mtu anaweza kuwa na shamba la nyumbani na shamba la mbali. La nyumbani unalifikia kabla uji haujapoa. La mbali unahamia. La kwetu lilikuwa juu huko nyikani, ukiiacha barabara ya kwenda Chala, na kila mwaka mvua zikikaribia kuisha tulikwenda kutengeneza ntumba, yale matuta ya mviringo ya Wafipa. Nyasi hukatwa na kurundikwa, kisha hufunikwa kwa udongo uliopinduliwa, zioze humo ndani ziwe mbolea ya mazao ya msimu unaofuata. Kazi hiyo inataka udongo uliolowa, kwa hiyo huwezi kungoja jua. Unakwenda na mvua, unalala na mvua, unaamka nayo. Tulikuwa tukilala kwenye kibanda cha nyasi, na mwaka uliotangulia kibanda kilivuja, Patrisi akapata nimonia, mama akalala sakafuni hospitalini akimsikiliza mtoto anavyovuta pumzi kwa taabu. Daktari alimwambia waziwazi kwamba mtoto huyu akilowa tena namna ile, asitegemee kurudi naye nyumbani. Bibi aliyekuwa akitulea alikuwa amekwisha kufa, na mama hakuwa tayari kumwacha Patrisi kwa jirani yeyote. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi likizo fupi ya Pasaka ilipokaribia, baba akasema safari hii tutanunua hema.

Baba hakuwa mtu wa kununua kitu kwa macho. Pale kwa muuzaji alitoa masharti yake: hema liingie kwenye keria ya baiskeli pamoja na majembe na unga, lakini likisimama tulale sote wanne bila kukanyagana, na mvua ya kwetu, ambayo upepo huilaza ubavu, isipite. Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi, akamtazama. "Mzee, wewe unataka nyumba ya mfukoni." Baba akajibu, "Ndiyo, tena yenye sebule." La kwanza lilikuwa la turubai nene, pana kama darasa, lakini baba alipolinyanyua aliguna na kulirudisha chini, akasema hilo linataka punda. La pili lilikuwa dogo. Baba aliingia akalala, miguu yake ikabaki nje pamoja na viatu, na watu wa soko zima wakacheka. La tatu likikunjwa ndani ya mfuko wake lilikuwa kama mto wa kulalia, lakini likisimamishwa kwa zile fito zake nyembamba zinazopinda lilikuwa chumba kamili: hema la ndani, paa la pili juu yake, sakafu iliyopanda pembeni kama beseni, na kibaraza cha mbele pa kuvulia viatu. Tuliingia sote wanne tukalala palepale sokoni, Patrisi akiviringika toka ukuta hadi ukuta, na baba akamwomba muuzaji amwage ndoo nzima ya maji juu. Hata tone moja halikuingia. "Siri iko hapo katikati, mzee," kijana akasema tulipotoka. "Nguo ya juu isiguse ya ndani. Zikigusana tu, maji yanapita." Baba aliitikia. Mama hakusikia, kwa sababu alikuwa akitazama rangi. Hema lilikuwa jekundu, jekundu la kupiga kelele.

Watu wa mikoa mingine wakisikia natoka Sumbawanga huanza utani wao wa radi, nani kamtumia nani kwa uchawi, na mimi hununa. Mtu ambaye hajakaa juu ya nyika ile wakati anga linapasuka, atanifundisha nini? Sisi tulilelewa na masharti ya radi kama wengine wanavyolelewa na katekisimu: funika kioo, zima redio, weka jembe mbali, usisimame mlangoni, na zaidi ya yote usivae nyekundu, maana nyekundu inaiita. "Baba Oresta, hili hapana," mama akasema. Baba akauliza kama kaona panapovuja. "Halivuji. Ni jekundu." Baba akacheka kidogo. "Radi haina macho, mama Oresta." Naye akamjibu, "Kama haina macho, mbona huacha zizi zima ikachukua ng'ombe mmoja?" Mama akamvuta Patrisi, akaweka kiganja kifuani pake kama alivyozoea tangu hospitalini. Hatimaye akasema heri nusu shari kuliko shari kamili, lifungwe twende. Nilijua maana yake. Mama alikuwa amepima nimonia na radi, akachagua radi, na sisi ndio tungelala ndani yake.

Huko shambani hakukuwa na mti. Ni nyasi tu na anga, na ukisimama wima wewe ndiye mrefu kuliko vyote. Baba alichagua mahali ambapo si kilimani wala bondeni, kando ya ntumba za mwaka uliopita, akapiga vigingi, akakaza kamba, akazunguka hema lake kwa majivuno. Kesho yake mama alichukua mundu, akakata nyasi ndefu zilizokuwa ziende kwenye ntumba, na akaanza kuliezeka. Naam, aliezeka hema kama mtu anavyoezeka nyumba, tita juu ya tita, akizibana kwa kamba kutoka chini kwenda juu. Nilimsaidia kwa bidii ambayo sijawahi kuionyesha kwenye kazi yoyote, nikitafuta kila alama nyekundu iliyobaki ili niifiche. Baba aliporudi na jembe begani alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani, mke wangu ameezeka nguo!" Lakini hakuzitoa, kwa ajili ya amani ya nyumba, na siku zile za manyunyu nililala usingizi mzuri, nikijua kwamba mbinguni hatuonekani.

Siku baba alipokwenda kijijini kusaga ndiyo ikaja. Ilikuwa bado mchana, lakini upande wa bonde la Rukwa kulikuwa kumeshageuka rangi ya sufuria iliyoungua, na upepo ukaja na ubaridi wa ghafla. Mama alitupa majembe mbali, akatuingiza ndani, akavuta zipu. Nimeshasema mimi ni mwoga, lakini woga wa siku ile ulikuwa wa aina yake. Ulinikaa kwenye meno. Kila mwanga ulipopita nilifumba macho na kungoja mlio, na mlio ulipokuja ardhi ilitetemeka chini ya mgongo wangu, na nilikuwa na hakika kwamba kuna kitu huko juu kinapita shamba kwa shamba kikitutafuta. Mama alikuwa akisali Salamu Maria kwa sauti ndogo. Ndipo tone likaniangukia shingoni. La pili likaangukia blanketi la Patrisi. Wahenga walisema mvua ikinyesha ndipo utajua panapovuja, na sisi tulijua: zile nyasi zilikuwa zimekunywa maji zikawa nzito, zimelikandamiza paa la juu mpaka likalalia la ndani, na mahali pote palipogusana maji yalikuwa yanachuruzika. Mama alimhamisha Patrisi pembeni, pakavuja. Akamrudisha katikati, pakavuja. Patrisi akaanza kukohoa, kile kikohozi kikavu tulichokijua.

Mama alitazama juu, akabonyeza paa kwa kidole, maji yakamshukia mkononi. Nilimwona anavyoelewa. Akanikazia macho, akasema, "Oresta, mshike mdogo wako. Lolote utakalosikia, usifungue zipu hii." Nilimshika nguo. "Mama, usitoke! Mama, radi!" Akazibandua vidole vyangu taratibu. "Radi naijua, mwanangu." Akatoka, akafunga zipu kwa nje.

Nilisikia nyasi zikinyofolewa, upande huu, kisha upande ule, na mama akihema. Na kadiri zilivyotoka, ndani kukaanza kuwa kwekundu. Kila umeme ulipomulika, mikono yangu ilikuwa myekundu, uso wa Patrisi mwekundu, blanketi jekundu, na nilitaka kumpigia mama kelele azirudishe, azirudishe upesi, kwa sababu sasa tulikuwa tunaonekana. Paa likainuka. Matone yakakoma. Nikangoja zipu ifunguliwe na haikufunguliwa. Nikaita mama, upepo ukalimeza jina. Halafu mwanga na mlio vikaja kwa pamoja, na nikasikia harufu ya kitu kilichoungua, na Patrisi akalia mama, mama, mama, nami nikamkumbatia nikiwa nimeuma blanketi. Sikufungua. Nilikwisha kumzika mama yangu moyoni, nikawa nafikiri nitamwambia baba nini. Mvua ilipolegea ndipo zipu ikavutwa. Aliingia amelowa, midomo haina damu. Alipiga magoti, akaweka sikio kwenye kifua cha Patrisi, akakaa hivyo muda mrefu. Kifua kilikuwa kikavu, pumzi inapita bila taabu. Baba alipofika alimkuta kando ya moto, anakausha blanketi la Patrisi.

Leo Patrisi anaendesha trekta huko Namanyere, kifua chake kipana kama mlango, na akija kutusalimu anakoroma mpaka majirani wanauliza. Mimi nafundisha shule mjini Sumbawanga. Nyumba yangu ina bati na waya mnene wa shaba ulioshuka kutoka paani hadi ardhini, na wanangu wanatazama mvua kwenye simu kabla haijafika. Wanalala wakavu, wananguruma kwa kicheko ngurumo ikipiga. Mama anakaa nasi. Masika haya, mchana mmoja wa mvua, tulikuwa tunachambua maharage ukumbini, nikamwambia kwamba nilijifunza kwake kutoogopa uzushi, kwa kuwa siku ile aligundua nyekundu haina neno. Alinitazama kama mimi ninavyomtazama mwanafunzi asiyesoma. "Nani kakuambia? Niliamini, na mpaka leo naamini. Nilijua itakuja tu." Nikamuuliza kwa nini basi alikaa nje nyasi zilipokwisha; miaka yote nilidhani alikuwa akikaza kamba. "Kamba zilikuwa zimekaza," akasema, vidole vikiendelea na maharage. "Nilichukua ule mfuko wa hema, nao si ulikuwa mwekundu, nikauvaa kichwani. Nikaenda kusimama kule kwenye mwinuko, mbali na ninyi. Nikasema kama inatafuta nyekundu, ikute yangu kwanza."

Nilitaka kumweleza, kama ninavyowaeleza watoto darasani, kwamba radi haijali rangi, inajali urefu, na kwamba mtu anayesimama peke yake kwenye mwinuko wa nyika tupu ndiye anayejitoa apigwe yeye kwanza, hata akivaa nyeupe. Nilikwisha kufungua mdomo. Halafu nikaona kwamba mama alikosea rangi tu. Mengine yote aliyapatia.