Mkata Nyasi Aliyegoma Kukata

Kwa miaka kumi na tisa alikata nyasi za kando ya barabara za jiji, na wenzake wakambandika jina la Mama Kipara, maana alikopita yeye hapakubaki hata unywele. Hakununa. Kazini kwao huo ulikuwa utani wa kumsifu mtu.

Mwisho wa kiangazi, joto likianza kulegea, alitumwa kwenye ukanda wa ardhi nyuma ya gereji ya mabasi. Alikuwa hajafika mbali aliposikia kitu kikikwaruza mbele ya mashine. Akaizima haraka. Chini ya mbigili kalunguyeye alikuwa amejikunja, miiba nje, na ubavuni mwake watoto watatu, kila mmoja hazidi yai la bata. Kisu cha mashine kilikuwa shubiri moja tu kutoka kwao.

Akaketi palepale. Ndipo akayatazama vizuri yale aliyokuja kuyafyeka: maua ya zambarau yamejaa nyuki, ya manjano yaliyomzidi kimo, ndege wadogo wakining'inia kwenye vikonyo vikavu wakidonoa mbegu.

Msimamizi alimkuta bado amekaa. "Vipi dada, mashine imekufa?"

"Mashine nzima. Mimi ndiye sikati."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Hapa sikati mpaka mbegu zianguke na hawa wakue."

Msimamizi alicheka, kisha akaona mwenzake hana mzaha. "Mimi sina amri hiyo. Nakupa wiki mbili, kaseme na wakubwa."

Kila asubuhi kabla ya zamu alipita pale na daftari. Maua mengi hakuyajua majina, akayachora, na ndege pia. Mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye, alicheka hadi machozi: "Dada, umri huu ndiyo unaanza chekechea?" Lakini jioni ni yeye aliyekuwa akichonga penseli.

Siku ya kumi na nne aliingia ofisini kwa mkuu wa bustani za jiji akiwa bado na viatu vya kazi miguuni, daftari mkononi. Mkuu hakuinua macho. Watu wanalalamikia uchafu, alisema.

"Mzee, uchafu ni chupa, na nimeshaokota magunia manne. Tazama ukurasa mmoja tu. Ukichoka, nifukuze."

Mkuu alifunua mmoja, akafunua wa pili, akavaa miwani. Kwenye ukurasa wa kumi na moja aligusa mchoro kwa kidole. "Huyu ndege bado yupo?"

"Yupo. Leo asubuhi nimemwona."

Hakupewa yote. Upande wa barabarani ulitakiwa ukatwe ili madereva waone kona. Upande wa ukutani uliachwa. Naye mashine hakuigusa tena pale. Alishika fyekeo, akipapasa kila kichaka kwa mkono kabla ya kukata, na kazi ya saa mbili ikamchukua siku tatu.

Alipomaliza, mgongo ukimuuma, alimfuata msimamizi. "Sasa tuongee kuhusu ule ukanda wa karibu na hospitali."

Msimamizi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Haya," akasema, "kalete daftari."