Ushuhuda wa Sisimizi

Mama yangu alipata habari ya ugonjwa wake wa sukari kwa sisimizi. Watu wa mbali wanacheka nikisema hivyo, lakini kwetu Baraka, mji wa Kongo kando ya ziwa Tanganyika, hakuna aliyecheka. Nyuma ya nyumba tulikuwa na mahali pa kuogea, pamezungushiwa mikeka, na mama akikojoa pale mchangani asubuhi, muda si muda sisimizi walikuwa wamejaa. Shangazi yangu alipoona hayo akamwambia palepale: "We, uko na sukari. Nenda bakupime." Mama akaenda kituo cha afya, wakamtoboa kidole, na mashine ikasema maneno yaleyale ya sisimizi.

Kosa letu lilianzia hapo. Sisimizi walikuwa wamesema kweli mara moja, basi mama akawaamini moja kwa moja.

Muuguzi alimpa vidonge, akamkataza sukari kwenye chai, akamwambia apunguze bukari, ule ugali wetu wa muhogo. Sukari ya chai aliiacha siku hiyohiyo, na ile chai kavu akainywa kwa maringo, akitutazama mmoja mmoja. Lakini bukari, aka! "Mubembe akikosa bukari amekula nini?" aliuliza, maana sisi ni Wabembe, na bonge la muhogo likabaki sahanini palepale, pamoja na samaki wake wa chumvi. Hata hivyo vidonge vilifanya kazi yake. Sisimizi wakapungua, halafu wakaacha kuja kabisa.

Mama akamshika jogoo tuliyekuwa tunamlea kwa ajili ya Noeli, akampeleka kanisani kama sadaka ya shukrani. Kwetu mtu akiponywa hanyamazi. Anasimama mbele, anasema, kanisa linapiga vigelegele. Na mama alijua kusema. "Sisimizi bamehama kwangu! Bwana amefunga mulango wa sukari!" Watu waliimba mpaka vumbi likapanda. Mama mmoja kijana, mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa analima upande wa Lweba, naye mwenye sukari, alikuja mbele akamkumbatia huku analia kwa furaha. Kesho yake mama akaacha vidonge. Nilipomuuliza kwa nini, akanikazia macho: "We unataka nimuambie Mungu kama kazi yake haitoshi?"

Halafu ziwa likapanda. Tanganyika ilimeza mahali petu pa kuogea, ikameza choo cha jirani, ikatufukuza mpaka kwenye kipande cha ardhi kando ya mfereji ambako udongo haukauki. Sisimizi gani angekaa pale? Lakini mama kila asubuhi alichungulia chini, akakuta pasafi, akatoka anaimba. Nikiukumbuka ule wimbo hasira inanipanda hata leo, na sijui namkasirikia nani.

Kazi ya mama ilikuwa ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani. Wakikauka juani anawachambua, anatoa punje za mchanga moja moja, na wateja wake mpaka Kilembwe walijua kwamba ndakala za mama hazikwaruzi meno. Siku moja, miaka kadhaa baada ya ule ushuhuda, mteja wake wa zamani, mwalimu wa shule ya msingi, alirudi sokoni. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, nimetafuna muchanga." Mama akacheka, akamwambia ametafuna wa muuzaji mwingine. Nilikuwa nimekaa kando yake. Niliingiza mkono kwenye beseni nikatoa vijiwe, vijiwe vyeupe ambavyo hata mtoto angeviona. Nikainua uso. Mama alikuwa ananiangalia, lakini macho yake yalipita kando ya sikio langu.

"Mama, jicho iko inakuuma?"

"Haliumi," alisema. "Ata kidogo. Ni moshi tu ya jikoni."

Bahati ilikuwa kwamba munganga wa macho, daktari hasa, alikuwa amefika hospitali wiki ile, jambo ambalo hatulioni mara nyingi. Alimtilia mama matone, akangoja, akachungulia ndani kwa taa muda mrefu. Alikuwa mpole. Ningependa awe mkali, nipate mtu wa kugombana naye. Alieleza kwamba nyuma ya jicho kuna mishipa midogo kama nyuzi, na sukari ikikaa juu miaka mingi mishipa inaoza, inavuja damu. Akampima mkono akakuta tansio, ule msukumo wa damu, nayo iko juu sana. Akasema palipokwisha kuoza, tansio inapasua. Aliuliza kama figo zimewahi kupimwa. Aliuliza kama anavuta tumbaku. Akasema hata mimba inauharakisha ubaya huo, na mwanamke mwenye sukari akishika mimba aje haraka aangaliwe macho. "Basi nitakuja nikishika," alisema mama, mwenye mvi kichwa kizima, na tukacheka wote. Kisha akaulizwa kwa nini aliacha dawa, akaeleza habari ya sisimizi.

Munganga hakucheka tena. "Mama, sisimizi banakuja sukari ikisha kuzidi, ikamwangika mu mukojo. Inaweza kukosa mu mukojo, na mu damu iko inakula macho."

"Na pale tunakaa," nilisema, "sisimizi bangezama."

Jicho la kuume lilikuwa limekwisha. La kushoto lingeweza kuokolewa kwa mashine ya mwanga, lakini mashine iko Bukavu, na barabara ilikuwa imefungwa kwa vita. Alituambia tungoje, na wakati wa kungoja tushushe sukari na tansio kwa nguvu zetu zote, kwa sababu jicho lile halikuwa na msaada mwingine. Mama hakulia njiani. Alilia nyumbani, alipojikwaa kwenye beseni lake mwenyewe.

Tangu hapo alimeza vidonge bila kusukumwa. Samaki wa chumvi walitoka, bukari ikawa kama ngumi. Nilimpeleka kupimwa, nilimgombeza, nilimpenda kwa makelele, maana sijui kupenda kwa namna nyingine. Barabara haikufunguka. Kila asubuhi alikaa kitandani akanieleza anachoona. Leo naona mulango. Leo naona mulango, lakini kidogo. Niliogopa asubuhi kuliko kitu chochote.

Jumapili moja aliniomba nimfikishe mbele ya kanisa. Nilidhani anataka kuombewa. Alinishika bega, akageukia watu, na sauti yake ilikuwa bado ile ile.

"Nilisimamaka hapa na kuku," alisema. "Nilisema Mungu ameniponya. Mungu sikumuuliza, niliuliza sisimizi. Dawa niliacha. Sasa jicho moja limekufa, na hili lingine sijue. Kama kuko mutu aliacha dawa juu ya maneno yangu, asimame, nimuombe musamaha."

Mchungaji aliinamisha kichwa. Nikataka kumvuta mama turudi tukakae, ndipo benchi la nyuma likalia.

Alikuwa yule mama wa Burundi. Tumbo lake lilikuwa kubwa sasa, mimba ya kukaribia kujifungua. Alikuja katikati ya kanisa taratibu, na niliona kabla ya mama kujua lolote: alikuwa anagusa kila benchi kwa mkono, moja baada ya lingine, kama mtu anayepita kwenye nyumba asiyoijua.

"Ni nani?" mama aliuliza.

Yule mama alitaja kwao, akaushika mkono wa mama.

"Unaniona, mutoto wangu?"

"Nakuona, mama."

"Unaniona muzuri?"

Aliusogeza uso wake karibu na wa mama. "Nakuona kama mu moshi."

Mama aliupapasa uso wake, akafika kwenye kope.

"Na haliumi," alisema.

"Haliumi, mama," alijibu. "Ata kidogo."