Viatu vya Mtoto Asiyetembea

Mama Bonge alikuwa fundi viatu, na ufundi huo ulimharibia kabisa imani yake kwa binadamu. Mteja akimwambia, "Kiatu hiki nimekivaa mara mbili tu," yeye hukipindua, hutazama soli, kisha hucheka kwa pua. Aliwajua wanaoburuta mguu na wanaojifanya hawaburuti. Alimjua hata jamaa mmoja aliyejigamba kuwa ni bosi wa ofisi, huku ncha za viatu vyake zimelika kama za fundi wa vigae anayeshinda amepiga magoti. Watu husema uongo kwa mdomo, lakini yeye hakuwa akitazama mdomo.

Basi jioni moja alimvua mwanawe viatu, mtoto keshalala fofofo, naye akakipindua kimoja kwa mazoea tu. Viatu vile alivishona mwenyewe kwa mabaki ya ngozi laini, akavitia soli nyembamba ya mpira. Bonge alikuwa na mwaka na ushei na hajapiga hata hatua moja, lakini mtoto wa fundi viatu hawezi kukaa peku, watu wangemcheka mama yake. Na sasa soli zilikuwa zimelika. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimekwisha upande wa nje, na ncha zote mbili zilikuwa zimesuguliwa.

Akakaa na kile kiatu mkononi. Mtoto anabebwa, soli zinalika vipi?

Mumewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Aliondoka alfajiri na kurudi wakati mkewe anatoka kwenda kufungua kibanda chake, wakakabidhiana mtoto pale pale mlangoni. Kuanzia hapo mpaka jioni Bonge alikuwa wa baba yake, na kila siku walitoka. Matembezi, aliita yeye. Mama Bonge aliporudi mtoto alikuwa amechoka hoi, na mahojiano yalikwenda hivi:

"Leo mlikwenda wapi?"

"Hapa hapa tu. Tulitazama mabasi yakioshwa."

"Na jana?"

"Jana tulimwaga maji."

"Mlimwaga wapi?"

"Chini," alijibu Baba Bonge, akaendelea kula.

Mwanamke mwingine angecheka. Mama Bonge aliona mtu anayempaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alianza kukumbuka vitu. Kreti la plastiki la mikate, lililokuwa likikaa chini ya meza na vitunguu ndani yake, lilikuwa limetoweka, na alipouliza aliambiwa limekwenda kwenye shughuli. Shughuli gani ya kreti? Na siku moja Bonge alirudi ananukia sabuni isiyokuwa ya nyumbani kwao.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake yeye. Tangu mtoto anafumbua macho, alikuwa mikononi mwa mama. Alipika naye kiunoni, akafagia naye mgongoni, akalala naye kifuani. "Wiki nzima nimemkosa," alisema, "niacheni nijishibie." Jumapili ile iliyofuata alimkumbatia hata zaidi, na kila Baba Bonge alipowatazama na kuguna kidogo, yeye alilihesabu lile guno kuwa ni la mwenye hatia.

Jirani yake kazini alikuwa mama muuza vifungo na zipu, ambaye wote walimwita Mama Vifungo. Huyo hakuwahi kuliona jambo dogo akaliacha dogo.

"Viatu vya Bonge vinavaliwa," Mama Bonge alimwambia.

"Na nani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Mama Vifungo aliweka chini boksi lake la vifungo. "Shoga, hebu fikiri. Mtoto hatembei, viatu vinatembea. Basi yuko mtoto mwingine, mwenye mguu ule ule. Na mwanaume gani huyu wa kubeba mtoto kila siku bila kulalamika? Mimi wa kwangu ukimpa mtoto anatafuta pa kumtua."

Mama Bonge mwenyewe alikuwa amekwisha kufika huko kwa mawazo, ila kulisikia kwa mdomo wa mtu kulimkata maini. Aliogopa, na alijua anachoogopa. Wakati yeye anagonga misumari kwenye visigino vya watu baki, pengine kulikuwa na nyumba nyingine inayopata mchana wote wa mume wake na wa mwanawe, na yeye alikuwa akiletewa masalio ya jioni.

Kesho yake alifunga kibanda jua likiwa kali na kwenda kujibanza karibu na nyumbani. Walipotoka, Bonge akiwa mabegani na mfuko ukining'inia mkononi mwa baba yake, aliwafuata. Kwenye karakana ya seremala alijificha nyuma ya milango iliyoegeshwa ukutani.

"Mama, unataka mlango?" seremala aliuliza.

"Naangalia tu."

"Huo bado haujapigwa randa."

"Nimesema naangalia!"

Kwa mtu anayekwenda kwa hawara, Baba Bonge alikuwa na subira ya ajabu. Alisimama panapooshwa mabasi, na kila maji yaliporuka Bonge alipiga kelele za furaha na kumpiga baba yake kichwani. Akasimama tena ukutani, akamshusha mtoto mpaka usawa wa kifua, wakatazama sisimizi. Walitazama sisimizi mpaka Mama Bonge akapata ganzi mguuni. Kumbe anapoteza muda ili asionekane ana haraka, alijisemea, na chuki ikampanda upya.

Mwishowe wakaingia kwenye geti la bati, pembeni mwa ghala lisilotumika. Ndani mwanamke alicheka, na alicheka kama mtu aliyekuwa akiwangojea. Mama Bonge akasimama nje. Alijipa muda wa kuwafumania vizuri. Kisha akasukuma geti.

Ulikuwa uwanja wa saruji, wenye bomba la maji upande mmoja. Katikati, mtoto alikuwa amempa mgongo, anasukuma kreti la mikate. Kreti lake! Alilisukuma kwa nguvu, likikwaruza saruji, na miguuni alikuwa na vile viatu, soli zinaonekana moja baada ya nyingine. Mama Bonge akamtazama juu mpaka chini. Shingo nene. Masikio ya kusimama, masikio ya Baba Bonge kabisa, kama yamekatwa pale yakabandikwa hapa. Hakuhitaji ushahidi mwingine. Machozi yakamlenga, akafungua mdomo ili uwanja mzima umsikie.

Kreti likagonga ukuta, mtoto akageuka. Alikuwa Bonge.

Mdomo wa Mama Bonge ukabaki wazi. Alikuwa amemzaa mtoto yule, anaijua kila kucha yake, na alikuwa hajamtambua. Hakuwahi kumwona kwa nyuma, akiwa wima, akienda zake.

"Karibu, mama," alisema bibi mmoja aliyekuwa bombani na wajukuu zake pacha, mikono imejaa povu la sabuni. Ndiye aliyekuwa akicheka. "Bila shaka wewe ndiye mama yake. Tumesikia habari zako sana."

Baba Bonge alikuwa amechuchumaa kando ya geti, suruali imekunjwa, vikombe viwili vya maji mbele yake. Alisimama polepole.

"Tangu lini?" mkewe aliuliza.

"Siku nyingi kidogo."

"Na ukaninyamazia. Kila jioni nakuuliza, unanizungusha na mabasi yako."

"Nilitaka umwone mwenyewe, uione kama ndiyo mara ya kwanza. Nilijua ukiambiwa utaumia." Akajipangusa mikono kwenye suruali. "Kila Jumapili nasubiri. Lakini humweki chini."

Mama Bonge alitaka kubisha. Alikuwa na majibu tele, lakini hata wakati ule mikono yake ilikuwa imekwisha kunyooka kumwelekea mtoto. Aliona uchungu na aibu pamoja. Alikuwa amewashuku watu wote isipokuwa mikono yake.

Akampita mumewe, akachuchumaa. "Bonge," aliita. "Njoo kwa mama."

Bonge akaliacha kreti. Alikuja bila kushika kitu, anayumba, tumbo mbele, akafika na kuweka kiganja juu ya goti la mama yake. Akapumzika kidogo. Kisha akaona vikombe vya maji nyuma ya mama, akalisukuma lile goti na kupita.

Mama Bonge akaikunja mikono yake, akaibana kwapani. Hakumnyanyua. Aligeuka tu akamtazama anavyokwenda, kisigino cha kushoto kikitua kwa upande wa nje.