Choki Nyekundu

Wiki jana, katika gereji moja hapa Voi, fundi anayeifufua pikapu ya marehemu baba ili niwe nikiendea kazini alichomoa kisahani cha majivu ya sigara kwenye dashibodi. "Madam, hii nitupe?" Kiganjani alikuwa na kipande cha choki nyekundu.

Baba hakuwahi kuvuta sigara.

Alasiri moja ya utoto wangu, Wundanyi ilikuwa na ukungu, na pikapu ilinuka petroli na kabichi za kupeleka sokoni. Baba alipiga stata, injini ikakohoa, ikanyamaza.

"Baridi hii," alisema, "inataka choki."

Nilikuwa darasa la kwanza, na choki niliyoijua ilikuwa ya ubaoni. Nilitimua mbio hadi shuleni nikachukua moja mezani kwa mwalimu. Nilichagua nyekundu, ifanane na gari.

Niliporudi nikihema, baba aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka ndani ya kile kisahani, ndipo akavuta choki yenyewe, kifundo kidogo kando ya usukani cha kuamshia injini yenye baridi. Pikapu ikanguruma.

"Si unaona? Asante, mwanangu."

Kwa miaka niliamini gari letu linakula choki. Sikujiuliza kwa nini, na kabichi zote zile nyuma, alikuwa bado ananingoja.

"Usitupe," nilimwambia fundi. "Ni choki ya gari."

Alicheka. "Injini tuliyoweka haitaki choki, madam."

"Najua. Irudishe pale pale."