Mafiga ya Shangazi Mwajuma

Niliondoka Kabambare kwa sababu ya mawe matatu. Mchuuzi wa mafuta ya mawese aliyetoka Nyangwe aliniletea ujumbe wa shangazi yangu Mwajuma: gati jipya linajengwa kando ya Lualaba, na jiko lake la kukaushia samaki liko njiani, basi niende nikamwondolee mafiga. Katika ukoo wetu mwanamke haondoi mafiga yake kwa mkono wake. Akifanya hivyo, ametangaza kuwa nyumba yake imekufa. Huyainua mtoto wa kaka yake. Baba yangu ametangulia, na mtoto wake ni mimi tu.

Mume wa shangazi, Ramazani, alizama pale pale, mbele ya jiko. Hakuonekana tena, kwa hiyo hana kaburi. Tangu siku hiyo shangazi huwasha moto ukingoni kila alfajiri, hata asipokuwa na samaki, na sote tunajua anamwashia nani.

Asubuhi nilipanda pikipiki ya Amisi, dereva wa mtaani kwetu. Mvua ilikuwa imeacha barabara ya Kasongo kama jeraha refu jekundu. Mara tunapanda, mara tunashuka kusukuma. Katika kila kijiji magunia ya mpunga yaliketi mbele ya nyumba kama wageni waliosahauliwa, mengine yameanza kuota.

"Ona hii," Amisi alisema. "Watu wanalima, panya njo wanakula. Gati ikiisha, balenieri zitasimama vizuri, mpunga utashuka mpaka Kindu." Balenieri ni zile boti ndefu za mbao za mizigo.

"Na barabara hii?"

"Ah, dada, tutasukuma. Lakini tutasukuma na mizigo!"

Mchana, Kasongo, niliingia dukani kumnunulia shangazi sabuni na sukari. Mwenye duka alisema chumvi itakuja kwa maji na bei itashuka. Kijana wake, aliyekuwa anachimba dhahabu Salamabila, ametuma neno kwamba anarudi kutengeneza mashine za boti. Alisema hayo huku macho yake yamelowa kwa furaha. Niliona aibu kwa kutofurahi naye.

Jioni, Nyangwe, sikuutambua ukingo. Palipokuwa na mteremko wa utelezi sasa pana ngazi za saruji, ghala la matofali, na vibanda vya soko visivyoezekwa bado. Katikati ya vyote hivyo jiko la shangazi lilibaki peke yake, na ngazi zilikuwa zimekomea mbele yake, zikingoja.

"Mutu wa Kabambare!" shangazi aliita. "Umekonda hivi, kule munapika ao munanusa tu?"

Nilicheka, kisha nikaona alivyozeeka, kicheko kikaisha.

Binti yake, Asha, alinivuta kando. Amepata kibanda, atafungua malewa, auzie chakula abiria wa boti. "Wenye majiko wote wamehama, wanamungojea yeye," alininong'oneza. "Na mimi nilipoteza baba, dada. Lakini watoto wangu watakula moshi?"

Alfajiri tuliteremka sote watatu. Fundi mkuu wa gati alisimama mbali, kofia mkononi, na wafanyakazi wake wakaweka zana chini. Shangazi aliwasha moto kama kawaida, hakuweka kitu juu yake, akaungoja mpaka ukawa majivu.

"Unajua alikuwa anabeba nini ile siku?" aliniuliza.

"Samaki?"

"Gunia ya mpunga. Matope ikamutelezesha, gunia ikamuvuta mu maji. Hakukuwa ngazi." Aliigusa saruji ya ngazi kwa kiganja. "Kama ingekuwa, leo angekuwa hapa ananipigia kelele."

"Basi umekubali, shangazi?"

"Nilikubali toka siku walileta saruji ya kwanza. Ni mukono njo haukubali. Toa."

Niliinua la kwanza, nikainua la pili. Yalikuwa na joto la mwili. La tatu lilikuwa limezama ardhini. Nilivuta likagoma, nikamwomba fundi jembe. Shangazi akainua mkono.

"Ile, acha."

"Mama, mawili hayapiki kitu," Asha alisema.

"Najua." Akamgeukia fundi. "Ngazi ya chini itapita hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwaga saruji juu yake. Mutu mwingine asianguke hapa."

Fundi hakumtuma mtu. Aliinama mwenyewe, akalimwagia saruji.

Nilipoondoka, shangazi alibaki na jiwe moja na kunipa lingine, kwa kuwa mimi ndiye niliyeyainua. Amisi, aliyelala Nyangwe kunisubiri, alilipima kwa mikono. "Dada, umepitia Salamabila? Hii dhahabu gani nzito hivi?"

"Ni figa la shangazi."

Hakutania tena. Alilifunga nyuma ya pikipiki kwa kamba mbili.

Njiani tuliyapita magunia yale yale. Nilikwenda Nyangwe nikidhani gati linamnyang'anya shangazi kitu. Nilirudi nikijua kuwa yeye ndiye aliyetoa, ili mume wa mtu apande na gunia lake begani, afike juu.

Majuzi Asha alituma habari. Balenieri zinafika, mpunga unashuka, na chakula chake huisha kabla ya adhuhuri. Mama yake hawashi moto tena. Huketi kwenye ngazi ya chini kabisa, na kila alfajiri, anasema Asha, mkono wake hutafuta kiberiti, kisha hukumbuka.