Dhambi ya Herufi Moja

Siku hizi nikitoka kanisani hapakosi mtu wa kuniuliza, "Klarisa, leo kuna karamu au kalamu?", na mimi hucheka pamoja nao kwa sababu sina njia nyingine, parokia nzima imeshacheka na aliyewapa cha kuchekea ni mimi mwenyewe, tena kwa kipaza sauti.

Nianze na kile kinachonitia aibu kuliko vyote: mimi najivunia Kiswahili changu. Nimekulia Mwanza kabla wazazi wangu hawajarudi Kigali, najua L inakaa wapi na R inakaa wapi, na ndiyo maana nilipewa kazi ya kusoma matangazo kwenye misa ya Kiswahili. Chuo nilimaliza mwaka juzi, ajira bado, kwa hiyo nina muda mwingi wa kufikiri, na mtu mwenye wasiwasi kama mimi hafai kupewa muda (mtu akinisalimu bila kutabasamu, siku nzima najiuliza nimemkosea nini, na jioni naandaa maneno ya kuomba msamaha).

Katekista wetu anaitwa Mzee Gaspari. Yeye amekulia Bujumbura, amefundisha watoto wa mtaa wetu wote pamoja na baadhi ya wazazi wao, na kwake, kama kwa wengi hapa, L na R ni mapacha, atakayetangulia ni sawa. Wiki chache kabla ya mkasa wenyewe alituambia "tusari", nami mbele ya kwaya nzima nikamrekebisha, "Tusali, Mzee." Akanitazama kwa upole kabisa, akaniita mukobwa, yaani binti, kama kawaida yake.

"Mungu anasikia zote mbili, mukobwa wangu. Ni wewe tu hausikii."

Kwaya ilicheka mpaka mpiga kinanda akashindwa kuanza wimbo. Siku hiyo nikaapa kutomuuliza tena yule mzee habari ya herufi, na kiapo hicho ndicho kilichonimaliza.

Maana Ijumaa moja alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Nyabugogo, kwenye stendi na soko, nyuma yake wabeba mizigo wanaomba njia na watu wa mabasi wanaita abiria, yeye anapiga kelele kuwashinda wote: "Krarisa! Andika tangazo. Ile siku ya Komunyo ya Kwanza, nyuma ya misa, watoto watapewa karamu. Iko tayari, nimeshanunua. Wazazi na familia wote wakuje!"

Sasa, kwa Kinyarwanda kalamu ya kuandikia ni ikaramu, kwa R, kwa hiyo mzee kama huyu akisema karamu huenda anamaanisha kitu cha kuandikia, na huenda pia anamaanisha wali na nyama. Mtu mwingine angepiga simu. Mimi nilichora jedwali. Upande wa kalamu niliandika: parokia bado haijamaliza hata paa la ukumbi. Upande wa karamu: yuko Nyabugogo, na Nyabugogo ndiko kwenye magunia ya mchele, halafu amealika familia nzima, na nani anaalika familia nzima kuja kutazama mtoto akipewa kalamu? Upande wa karamu ukashinda. Nikaandika, na kwa kuwa nina shahada nikapamba kidogo: "Parokia imewaandalia watoto wote karamu, pamoja na familia zao."

Jumapili nikasoma. Paroko alikuwa mafungoni, misa ilisomwa na padri mgeni, Mzee Gaspari alikuwa darasani na watoto wake, basi kila aliyesikia akadhani mwenzake anajua. Watu walipiga makofi. Mimi nikaona wanapiga makofi kwa matamshi yangu.

Nilipotoka nje Mama Keza alinishika mikono yote miwili. Huyu anakaa Gatsata, anafulia watu nguo kule Kiyovu, na anamlea binti yake peke yake. Alikuwa ameshalitoa jina la Keza kwenye orodha ya Komunyo, si kwa sababu mtoto hajui mafundisho (anayajua kuliko mimi), bali kwa sababu hapa kwetu mtoto akipokea, majirani watakuja nyumbani kumpongeza, na ukiwakalisha mbele ya meza tupu wataondoka na habari yako.

"Dada Klarisa, nilimwambia mtoto asubiri mwaka mwingine," akasema. "Amelia siku tatu. Sasa atapokea. Nimepigia mama yangu Ruhango, anakuja na shangazi. Na majirani nimewaambia wote: sherehe yetu iko parokiani!"

Nilifurahi mno. Nikajiona nimefanya jambo.

Siku yenyewe ikafika. Niliwahi, nikaingia sakristia, nikamkuta Mzee Gaspari ameinama juu ya boksi anafunga utepe mweupe kwenye vitu vyembamba vya buluu, kimoja kimoja, ulimi umemtoka kidogo kwa umakini.

"Mzee, hivyo ni nini?"

"Si karamu? Za watoto. Iko inaandika vizuri sana, angalia." Akajichora mstari kiganjani.

"Na… na chakula?"

"Chakula gani?"

Nilichungulia dirishani nikitafuta hewa, nikaona uwanja umejaa. Watu walikuwa wamekuja na mabibi, na mashemeji, na watoto wachanga, na mmoja (namjua, simtaji) na bakuli lenye mfuniko. Na katikati yao Mama Keza, amemshika mkono bibi kizee aliyevaa vazi la sherehe, umushanana wa rangi ya dhahabu, anamwonyesha ukumbi wetu usio na paa kama mtu anayeonyesha nyumba yake. Bibi alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo kwa dakika nne nzima niliona ni la akili kuliko yote niliyowahi kuyapata. Paroko alikuwa kwenye kiti cha maungamo, anamalizia wazazi waliochelewa. Nikasema moyoni, nikimwambia kule sakristia atakasirika. Nikimwambia kwenye kitubio, hana ruhusa ya kukasirika. Nikapanga foleni.

"Nibariki Padri, kwa kuwa nimekosa. Ni dhambi ya herufi moja."

"Herufi gani?"

Nikamweleza yote, mpaka jedwali. Upande wa pili wa wavu kiti kikaanza kutikisika. Padri alikuwa anacheka bila sauti.

"Mwanangu, kukosea herufi si dhambi. Kuona aibu kumuuliza mzee kwa sababu ulichekwa, hicho ni kiburi, na hicho nakuondolea. Salamu Maria tatu."

"Na watu, Padri? Utawaambia nini?"

"Mimi? Mimi sijui kitu." Akavuta pumzi. "Umeniambia kwenye maungamo, Klarisa. Siri ya maungamo ni siri. Siwezi kumtuma mtu hata akanunue mkate. Ungeniambia pale nje ningehangaika na wewe. Toka basi, uniambie tena nje."

Nikatoka. Nikasimama nikiwaza, nje ni hapa mlangoni au ni mpaka uwanjani, na je, nikirudia maneno yale yale itahesabika bado ni maungamo, na wakati nalichambua hilo kengele ikalia, kwaya ikaanza, Paroko akapita mbele yangu akielekea altareni na uso wa mtu aliyezaliwa asubuhi ile.

Misa nzima nilimtazama. Hakunitazama hata mara moja. Alipoinua hostia akasema heri walioalikwa kwenye karamu ya Mwanakondoo, babu mmoja nyuma akaitikia "Amina!" kabla ya wakati wake, kwa sauti ya mtu mwenye njaa, na mimi nikatamani sakafu ipasuke.

Kisha watoto wakaenda kupokea. Keza alikuwa wa saba. Alirudi amefumba mikono, anatembea taratibu kama aliyebeba mtungi uliojaa mpaka ukingoni, asimwage hata tone, na mama yake alimwangalia tangu altareni mpaka kwenye benchi bila kupepesa. Nilisahau hofu yangu kabisa, nadhani kwa muda wa wimbo mmoja. Halafu Paroko akaketi, akasema, "Matangazo," akatazama dari.

Nikapanda mimbarini. Mzee Gaspari ameketi mbele, boksi mapajani, anatabasamu.

"Ndugu wapendwa, wiki iliyopita nilitangaza karamu. Kosa ni langu, si la Padri, si la Mzee. Sikuuliza. Ni kalamu." Nikachukua moja kutoka kwenye boksi nikaiinua. "Ya kuandikia."

Hata mtoto aliyekuwa analia alinyamaza aone. Hapo bibi wa Ruhango akauliza kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, "Amesema nini?" Na Mama Keza aliinamisha kichwa, akaanza kumnyoosha Keza kola ya gauni ambayo ilikuwa imenyooka tayari. Ningeweza kuvumilia kuchekwa na kanisa zima, lakini ile kola sikuivumilia, machozi yakanitoka hapo hapo mbele ya kipaza sauti.

Ndipo Mama Divine, sauti ya pili kwenye kwaya, akasimama mikono kiunoni.

"Mimi tangazo lako sikuliamini tangu siku ile. Chakula cha bure, Kigali hii? Nimepika sufuria mbili za wali, ziko nyumbani."

"Na mimi isombe ya majani ya muhogo," akasema mwingine, kwa aibu kidogo.

"Mimi viazi na maharage. Nilisema chakula cha parokia hakitatosha."

Wakaanza kusimama huku na huku, wanawake na wanaume wawili watatu, kila mmoja anakiri kwamba alipika kwa siri kwa sababu hakuniamini (sijawahi kufurahi hivyo kwa kutoaminiwa), na kicheko kikaanzia kwenye kwaya kikashuka mpaka mlangoni. Wa mwisho kusimama alikuwa mama yangu mzazi.

"Nina mbuzi, ameshaiva," akasema. "Nimekuzaa mimi, Klarisa. Unafikiri sikujui?"

Nusu saa baadaye sufuria zilikuwa zinaingia uwanjani vichwani na kwenye pikipiki. Nilimwendea Mama Keza nikitafuta maneno, lakini Mama Divine alinitangulia, akamkabidhi upawa. "Wewe ndiye umealika watu wengi. Gawa." Akagawa yeye, majirani zake wote wa Gatsata wakapokea sahani kutoka mkononi mwake, wakampongeza Keza, na bibi akakaa kiti cha kwanza na mfupa wa mbuzi wa mama yangu, ameridhika kuliko asubuhi. Paroko alipita na sahani yake akasema habari hizi yeye amezisikia mimbarini tu, kama sisi wengine.

Mzee Gaspari alikuja akanipa kalamu moja iliyobaki.

"Sasa umeelewa?" akasema polepole, kama kwa mtoto wa katekisimu. "Hii," akainua kalamu, "ni karamu." Akanyoosha kidole kwenye sufuria. "Ile ndiyo kalamu."

Sikumrekebisha. Ila tangu siku hiyo nimeapa kiapo kipya, kwamba nitauliza, hata wakinicheka, hata swali likiwa la kijinga kiasi gani. Na juzi nimejaribiwa, maana Mzee amenitumia ujumbe wa mafundisho ya ndoa: wachumba wote watafute mahari mapema, wasisubiri wiki ya mwisho. Sikuchora jedwali. Nilipiga simu papo hapo.

"Mzee, samahani, ni mahali pa kufanyia sherehe, au ni mahari ya kupeleka ukweni?"

"Ndiyo, mukobwa wangu," akasema. "Hiyo hiyo."